Kabla ya Kulilaumu Plau

Siku mbili baada ya mvua ya kwanza ya Desemba, ukipita kati ya Kongwa na Kibaigwa unasikia matrekta kila upande. Tafuta lile lililo kuukuu kuliko mengine, lililofungwa plau la diski tatu lenye umri sawa na lenyewe, kisha simama utazame. Mara nyingi utakuta plau linateleza juu ya ardhi, limekwaruza vidole viwili tu vya udongo. Diski ya nyuma peke yake ndiyo inayochimba. Dereva anageuza shingo kila hatua kumi, na mwenye shamba amejishika kiuno. Mwisho dereva anazima injini na kutoa hukumu: plau hili limekwisha. Au: trekta halina nguvu.

Nimelima kwa Massey Ferguson 135 na plau la namna hiyo kwa miaka mingi, shambani kwangu na kwa watu, na naiona hukumu hiyo kuwa ya uonevu karibu kila mara. Plau la diski ni chuma kitupu. Halina injini wala umeme, na ndani yake hakuna kilichofichika. Likikataa kuchimba, kuna kitu kimelegea, kimelika, kimepinda au kimefungwa vibaya, na vyote hivyo hupimwa kwa tepu, pimamaji na kipande cha ubao mnyoofu. Kazi hiyo hufanywa Oktoba, chini ya mti, wakati ardhi ni kavu na hakuna mteja anayepiga simu. Atakayeingoja mvua atapima kwa macho, na macho ya mtu mwenye haraka hudanganya.

Tuanze na jinsi plau hili linavyofanya kazi, maana makosa mengi huzaliwa hapo. Sisi tuliokulia vijijini tulilijua kwanza plau la ng'ombe. Lile lina ncha iliyoinamishwa kiasi kwamba likivutwa linajizamisha lenyewe, na kazi ya mshika plau ni kulizuia lisizame mno. Diski haina tabia hiyo. Ukiivuta, udongo unaisukuma juu. Inazama kwa sababu mbili tu: uzito wa plau lenyewe, na pembe ambazo diski imewekwa. Faida yake ni kwamba inazunguka. Ikikutana na kisiki au jiwe inapanda na kushuka upande wa pili, mahali ambapo ncha ingevunjika. Katika mbuga inayonata inaendelea kukata pale plau la bapa linapobeba tope. Ndiyo maana mashamba yetu mapya yenye mizizi yalifunguliwa kwa diski. Lakini mtu akilitendea kama plau la ng'ombe, akidhani likivutwa kwa nguvu zaidi litazama zaidi, atamaliza dizeli bure.

Kwa kuwa uzito ndio unaozamisha, watu wamebuni njia ya mkato: tandiboi anapanda juu ya fremu. Niliifanya mimi mwenyewe katika msimu wangu wa pili. Diski ya katikati ikapanda kisiki, plau likaruka, na yule kijana akaangukia mbele ya diski ya nyuma. Nilikanyaga klachi na breki kwa pamoja, na chuma kikasimama shubiri moja kutoka kwenye paja lake. Hakuumia, na kesho yake alirudi kazini. Mimi niliota tukio lile kwa miezi. Tangu siku hiyo, kwangu haruhusiwi mtu kupanda juu ya plau, hata likiwa limeinuliwa na trekta linatembea polepole barabarani. Ukihitaji uzito, funga vyuma kwenye fremu kwa boliti: vipande vya reli, uzito wa zamani wa gurudumu, chochote kisichoweza kuteleza. Lakini kabla ya kuongeza hata kilo moja, jiulize kwa nini plau ambalo kiwanda kililipima likatosha sasa halitoshi. Jibu mara nyingi liko kwenye diski zenyewe.

Zipime. Plau nyingi za zamani ninazozijua hapa zilikuja na diski za inchi 26, yaani sentimita 66. Weka tepu kutoka ukingo hadi ukingo, kisha igeuze upime tena upande mwingine, kwa sababu diski iliyokwama muda mrefu bila kuzunguka hulika upande mmoja na kupoteza umbo la duara. Diski iliyopungua sentimita 8 au 10 bado inaweza kulima udongo laini. Shida kubwa ni diski tatu zisizolingana. Mtu ananunua diski moja mpya, anaifunga mbele, anaziacha mbili zilizolika nyuma, kisha anashangaa plau halikai sawa. Halitakaa, maana ile kubwa inafika chini kwanza na kuzibeba nyenzake. Ukiweza, badili zote. Usipoweza, tafuta diski kuukuu inayolingana na zako, na hakikisha shimo lake la katikati na mpangilio wa matundu ya boliti ni ule ule, na kwamba bonde lake lina kina sawa na la nyenzake. Ukingo unanolewa upande wa nyuma, ule uliobinuka. Jiwe la mashine lisishike sehemu moja mpaka chuma kigeuke rangi ya bluu, kwa sababu hapo kimepoteza ugumu wake na kitalika haraka.

Kisha beringi. Inua plau, liegemeze juu ya magogo imara (jeki peke yake haitoshi, wala haidroliki ya trekta kuukuu isiaminiwe hata dakika moja), shika diski juu na chini, uitikise. Ikicheza, fungua kifuniko cha habu. Ndani kuna beringi mbili za koni na nati iliyofungwa kwa kotapini. Toa kotapini, kaza nati huku unaizungusha diski kwa mkono mpaka uhisi imeanza kuwa nzito, kisha irudishe hadi tundu la kwanza linalokubali kotapini mpya. Kotapini iliyokwisha kunyooshwa usiirudishe. Ukikuta beringi zina madoa au zimebadilika rangi, badilisha pamoja na sili yake, kwa kuwa sili mbovu ndiyo iliyoingiza vumbi mwanzoni. Baada ya hapo jaza grisi mpaka ile nyeusi itoke na safi ionekane. Msimu ukianza, grisi hupigwa kila siku asubuhi, na katika vumbi kali mara mbili kwa siku. Diski inayozunguka vizuri huzungushwa kwa mkono mmoja na kuendelea yenyewe kidogo. Ile inayosimama papo hapo itaburuzwa shambani, nayo itaharibu kazi ya zote tatu.

Angalia pia fremu. Plau lenye miaka arobaini limekwisha kugonga visiki vingi. Funga kamba kutoka shingo ya diski ya kwanza hadi ya tatu, uikaze, uone kama shingo ya kati inaigusa. Ikiwa imetoka nje au imeingia ndani, kuna kitu kimepinda. Nyufa hujificha mahali shingo inaposhikana na fremu, chini ya rangi na uchafu, kwa hiyo sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Ufa mdogo huchomelewa na fundi anayejua, baada ya kuutindua mpaka mwisho wake. Anayepaka tu chuma juu ya ufa amekuuzia msimu mmoja.

Sasa kufunga. Kabla hujarudisha trekta nyuma, pima pini. Mfumo wa mikono mitatu tunaoutumia leo ulienezwa na Harry Ferguson, na matrekta yaliyoufuata yalikuja na vipimo viwili vikuu vya pini. Kile kidogo kina pini za chini za milimita 22 na ya juu ya milimita 19. Kikubwa kina za chini za milimita 28 na ya juu ya 25. Massey Ferguson 135 za kawaida zina matundu ya kipimo kidogo, ilhali plau nyingi zilizokuwa za trekta kubwa zina pini za kipimo kikubwa. Ikiwa pini ni nyembamba na tundu ni pana, weka bushi ya chuma ijaze nafasi. Ukiacha nafasi hiyo, plau litayumba, tundu litalika likawa kama yai, na siku moja pini itakatika kwenye kona ya shamba. Ikiwa pini ni nene kuliko tundu, badilisha pini za plau. Nimeona mtu akipanua kwa moto tundu la mpira wa chuma wa mkono wa trekta ili plau liingie. Mkono ule ulivunjika mwaka huo huo.

Utaratibu wa kufunga ni mmoja nao hauna mjadala. Rudisha trekta polepole mpaka mpira wa mkono wa kushoto ulingane na pini. Zima injini, vuta breki ya mkono, ndipo ushuke. Funga mkono wa kushoto kwanza, kwa sababu haurekebishiki kirahisi. Halafu wa kulia, ambao fito yake ya kunyanyulia ina kishikio cha kuzungusha: zungusha kuushusha au kuupandisha mpaka uingie wenyewe bila nyundo. Mwisho toplinki, yaani mkono wa juu, ambayo unairefusha au kuifupisha mpaka pini yake ipite kwa kidole. Kila pini ifungwe kwa kipini chake chenye pete. Msumari na waya si mbadala. Na asisimame mtu kati ya trekta na plau huku mwingine akiwa kwenye kiti ameshika wenzo wa haidroliki. Watu wamebanwa hapo kwa sababu ya mguu ulioteleza.

Toplinki ina siri moja kwenye matrekta haya ambayo madereva wengi hawaijui. Inakofungwa kwenye trekta kuna springi kubwa, na springi hiyo ndiyo inayoiambia haidroliki plau linavutwa kwa uzito gani. Udongo ukiwa mgumu, inasukumwa na plau linainuliwa kidogo. Udongo ukilegea, linashushwa. Ushike mhimili wa springi hiyo kwa mikono miwili kabla hujafunga toplinki, usukume na kuvuta. Usicheze hata kidogo. Ukicheza, plau litakuwa linapanda na kushuka shambani kama mtumbwi, na utahangaika na diski wakati ugonjwa uko juu. Kwa kulima, tumia ule wenzo unaofuata mvuto wa udongo. Wenzo mwingine, unaoshikilia kimo, uache kwa mashine zinazoning'inia. Ile minyororo ya pembeni nayo iwe na ulegevu wakati wa kulima ili plau lifuate njia yake, lakini si kiasi cha mikono kugonga matairi.

Mahali unapofunga toplinki pasifungwe kamwe mnyororo wa kuvutia gogo au gari lililokwama. Mvuto wa juu namna hiyo huinua magurudumu ya mbele na kulipindua trekta kinyumenyume juu ya dereva, kwa kasi ambayo mguu hauwahi kufika kwenye klachi.

Plau limefungwa. Wengi hapa huelekea shambani moja kwa moja, na hapa ndipo nawaomba wabaki nyumbani nusu siku zaidi. Wakati wa kulima, magurudumu ya kulia ya trekta hutembea ndani ya mfereji uliolimwa na ya kushoto hubaki juu ya ardhi isiyolimwa. Trekta zima limeinama kulia. Ukilisawazisha plau uwanjani trekta likiwa limesimama sawa, umelisawazisha kwa hali ambayo haitatokea tena baada ya mpito wa kwanza. Kwa hiyo iige hali ya shamba. Tafuta uwanja ulio sawa na mgumu. Panga mbao nene, au shindilia tuta la udongo, kimo cha sentimita 20 ikiwa ndicho kina unachotaka kulima, kisha panda juu yake kwa magurudumu ya kushoto, ya mbele na ya nyuma. Magurudumu ya kulia yabaki chini. Sasa uwanja wako ndio sakafu ya mfereji. Weka mawe mbele na nyuma ya matairi, halafu shusha plau taratibu.

Tazama diski zinavyofika. Zote tatu zinapaswa kugusa uwanja kwa pamoja. Ya mbele ikigusa kwanza na ya nyuma ikabaki hewani, toplinki ni fupi mno au fito ya kulia ni ndefu mno. Ya nyuma ikigusa kwanza, ni kinyume chake. Utajuaje ni ipi kati ya hizo mbili? Weka pimamaji juu ya fremu, mara moja kwa urefu wa trekta, mara moja kwa upana. Kwa urefu, rekebisha toplinki. Kwa upana, zungusha kishikio cha fito ya kulia. Fanya kimoja, pima, kisha kingine, pima tena, kwa sababu kila kimoja kinakisogeza kidogo chenzake. Ukimaliza, weka alama ya rangi kwenye nyuzi za toplinki na za fito. Mwaka ujao alama hizo zitakuokolea asubuhi nzima.

Plau likiwa bado hapo, pima pembe. Pembe ya kwanza ni jinsi diski ilivyolala nyuma kutoka wima, na kawaida iko kati ya digrii 15 na 25. Huhitaji chombo cha mpima ardhi. Simamisha ubao mnyoofu mbele ya diski, mguu wake ukigusa ukingo wa chini, uuweke wima kwa pimamaji, halafu pima mlalo kutoka ubao hadi ukingo wa juu wa diski. Kwa diski ya sentimita 66, sentimita 17 ni digrii 15, sentimita 22 na nusu ni digrii 20, na sentimita 28 ni digrii 25. Diski iliyosimama zaidi huzama vizuri katika udongo mgumu na mkavu. Iliyolala zaidi hugeuza vizuri udongo laini na unaonata. Plau nyingi zina matundu mawili au matatu kwenye shingo kwa ajili ya mabadiliko haya, na nimekutana na watu wenye plau kwa miaka kumi ambao hawajawahi kuzifungua boliti zile. Zilowekwe mafuta usiku kucha, zitafunguka. La lazima ni kwamba diski zote ziwe tundu moja. Niliwahi kununua plau kwa mtu ambalo diski ya kati ilikuwa imefungwa tundu tofauti na nyenzake, na aliyeniuzia aliapa kwamba lilikuwa hivyo tangu kiwandani.

Pembe ya pili ni jinsi uso wa diski ulivyokata njia ya trekta, na huwa digrii 42 hadi 45. Pima kwenye kimo cha kitovu, kutoka ukingo unaotangulia hadi unaofuata: umbali wa kwenda mbele na umbali wa kwenda kando. Vikiwa sawa, sentimita 47 kwa 47 kwa diski yetu, ni digrii 45. Wa mbele ukiwa 49 na wa kando 44, ni 42. Katika plau kuukuu pembe hii huharibika fremu inapopinda, kwa hiyo ukikuta tofauti kati ya diski na diski, rudi kwenye ile kamba.

Vikwangua tope vikae karibu na diski bila kuigusa, nafasi ya unene wa sarafu ikitosha, na juu kidogo ya katikati. Katika mbuga visipokuwepo, diski hugeuka kuwa mpira wa udongo.

Upana wa magurudumu nao una neno. Trekta la 135 linakuruhusu kuyasogeza ya nyuma kwa hatua za inchi 4, kutoka inchi 48 hadi 76, na wengi huyaacha mapana kwa sababu yalikuwa yakivuta tela. Kwa plau, yalete ndani. Mimi huwa naishia 52 au 56. Yakiwa mapana mno, diski ya mbele huachiwa ukanda mkubwa kuliko inavyoweza kukata. Tairi la mbele la kulia nalo lipangwe ili ukingo wake wa ndani ufuate ule wa tairi la nyuma, yote mawili yatembee katika mfereji mmoja.

Trekta la farasi 45 kama hili, katika udongo wetu mwekundu ukiwa na unyevu wa kutosha, linavuta diski tatu bila kulia. Katika mbuga nzito naifungua ya nyuma na kulima na mbili, pamoja na kusogeza gurudumu la mkia. Wapo wanaoona aibu kufanya hivyo. Heka inayolimwa vizuri kwa diski mbili ni bora kuliko klachi iliyoungua kwa tatu.

Unyevu nao hauna mbadala. Sisi wa Kongwa tuna ushahidi wake karibu na nyumba zetu. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa mradi wa karanga, wakilenga kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, wakaleta matrekta kwa mamia, mengine yaliyotengenezwa kutoka vifaru vya vita. Mwaka 1951 mradi uliachwa. Yapo mengi yaliyowashinda, mvua ikiwa mojawapo, lakini udongo wenyewe ulikuwa adui mkubwa: kiangazi unakauka ukawa kama tofali, na mchanga wake mkali unalamba chuma cha majembe. Udongo ni ule ule leo. Kabla ya kushusha plau, chimba shubiri moja, chota kiganja, ukifinye. Ukiwa vumbi, ngoja mvua nyingine. Ukinata kwenye vidole, ngoja jua. Ukishikana kisha ukavunjika unapouangusha, ingia shambani.

Mpito wa kwanza trekta linatembea juu ya ardhi iliyo sawa pande zote mbili. Kwa vile ulilisawazisha plau kwa hali ya kuinama, diski ya mbele sasa itakuwa juu kidogo na ya nyuma itachimba zaidi. Usishituke, na usiguse kitu. Ndivyo mfereji wa kwanza unavyotakiwa kuwa: mwembamba mbele, wenye kina nyuma. Mpito wa pili magurudumu ya kulia yanaingia mferejini, na ghafla plau linakaa sawa. Lima hatua hamsini, simama, shuka, uingie mferejini na tepu.

Hapo sasa usikilize shamba linasema nini. Pima upana wa kipande cha kila diski. Cha mbele kikiwa kipana kuliko vingine na kuacha ukanda usiokatwa, legeza vibano vya chuma cha mlalo kinachobeba pini mbili za chini, usogeze plau kulia. Kikiwa chembamba, lisogeze kushoto. Pima kina nyuma ya kila diski. Tofauti ya mbele na nyuma, robo mzunguko wa toplinki, kisha lima tena hatua hamsini. Usibadili vitu viwili kwa mara moja, kwa sababu hutajua kipi kimeponya. Na kasi isizidi kilomita 6 au 7 kwa saa. Anayekimbia hufikiri anamaliza mapema, lakini diski ikienda kasi hupanda juu na kurusha udongo mbali, naye hulipwa kwa heka ambazo palizi itamsuta mwezi unaofuata.

Kitu kinachosahauliwa kuliko vyote ni lile gurudumu dogo la chuma kwenye mkia. Diski tatu zinasukuma udongo kulia kwa nguvu kubwa, kwa hiyo udongo nao unalisukuma plau kushoto, kuelekea upande usiolimwa. Hakuna kitu kingine cha kuuzuia msukumo huo isipokuwa gurudumu hilo, linalotembea limeinama katika mfereji wa mwisho na ukingo wake mwembamba umezama kwenye udongo. Ukiona mkia wa plau unakimbilia kushoto, au usukani unavuta na mikono inachoka kabla ya saa nne, anza hapo. Je, ukingo wake bado ni mkali au umelika ukawa butu? Je, beringi yake inacheza? Ncha yake ya mbele ielekee kidogo upande uliolimwa. Ongeza kidogo kidogo mpaka plau linyooke. Springi yake iwe na nguvu ya kulibana gurudumu chini tu. Ukiikaza mno, gurudumu linabeba plau na diski ya nyuma inakosa uzito, na utarudi kwenye malalamiko yale yale ya diski isiyozama.

Upande wa mbele wa trekta nao utakuambia kama uzito unatosha. Ukiliinua plau mwisho wa shamba na magurudumu ya mbele yakanyanyuka au usukani ukawa mwepesi kama hauna kitu, funga uzito wa mbele kabla ya kuendelea, hasa kama njia ya kurudi nyumbani ina mlima. Na geuza trekta baada ya diski kutoka ardhini kabisa. Anayekata kona diski zikiwa zimezama ndiye anayepinda zile shingo ulizozipima kwa kamba.

Jioni ya siku ya mwisho, lishushe plau juu ya mbao mbili. Toa toplinki kwanza, halafu mkono wa kulia, halafu wa kushoto, kinyume cha ulivyofunga. Kwangua udongo ungali mbichi. Paka oili chafu ya injini kwenye uso wa kila diski, mbele na nyuma, na kwenye nyuzi za toplinki ulizotia alama, kisha piga grisi kwenye habu zote tatu na kwenye gurudumu la mkia mpaka itokeze, ili maji ya masika yakute mahali pamejaa.